Gitaa la besi la Mjapani: ya kijiweni na yaliyomo ndani ya mbao

Ukimuuliza baba mdogo gitaa lake la besi lilitoka wapi, anakujibu: "Lilikuja na treni." Kwa mtu wa Tabora jibu hilo halisaidii kitu. Reli imefika hapa tangu 1912, na tangu hapo ni nini ambacho hakikuja na treni? Yeye alilinunua kwa mkono wa tatu, akalipigia dansi mpaka vidole vikamgomea, kisha likalala juu ya kabati kule Isevya likiwa limebaki na nyuzi tatu. Mwaka jana akanipa.

Nilipolipeleka kwa fundi redio, kabla sijaketi lilikuwa limeshapata asili nne: Marekani, Ujerumani, Japani, na "feki ya Mchina". Mji uliotoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz haukosi mwenye neno juu ya gitaa. Nimekaa nalo, nikilifungua na kulifunga. Mengi niliyoambiwa pale hayakuwa kweli. Mengine yalikuwa nusu kweli, na hayo ndiyo yaliyonipotezea muda zaidi.

"Soma kichwani, jina la kiwanda liko pale"

Hili ndilo kosa kubwa, kwa hiyo nitalikalia.

Sisi tunauza asali. Tunajua kwamba asali ya mzinga mmoja wa Sikonge inaweza kufika Dar es Salaam ikavishwa lebo tano, kila lebo na jina la mfanyabiashara wake. Hakuna anayedhani kwamba mwenye lebo ndiye aliyepanda mtini kurina. Magitaa ya Japani ya miaka ya 1960 na 1970 yaliuzwa vivyo hivyo. Jina la kichwani mara nyingi lilikuwa la aliyeagiza au aliyeuza, na aliyechonga mbao alikuwa mtu mwingine kabisa.

Chukua Ibanez. Jina hilo si la Kijapani: lilitokana na Salvador Ibáñez, fundi wa magitaa wa Hispania, ambaye kazi zake ziliingizwa Japani na Hoshino Gakki, wafanyabiashara wa Nagoya, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1970, Ibanez nyingi zilichongwa na FujiGen Gakki katika mji wa Matsumoto. FujiGen hao hao walikuwa wakitengeneza Greco kwa ajili ya kampuni ya Kanda Shokai. Ibanez na Greco za mwaka mmoja basi zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, ingawa wapigaji wamezozana miaka yote ipi ni bora.

Matsumoto hiyo hiyo kulikuwa na Matsumoku, waliowahi kutengeneza makabati ya cherehani za Singer. Mikononi mwao zilipita Aria Pro II, Westone na Vantage. Hata Epiphone, jina la Kimarekani, lilihamishiwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matsumoku walifunga kiwanda 1987, na majina kadhaa yakaendelea kuishi kwa kuchongwa kwingine.

Mambo yanaweza pia kugeuka. Silvertone lilikuwa jina la duka la Sears la Marekani. Kuna Silvertone zilizotengenezwa na Harmony na Danelectro hukohuko Marekani, na kuna zilizotoka Teisco, Japani. Jina moja, mabara mawili. Anayekuambia "Silvertone ni Mmarekani" hajadanganya. Amesema nusu tu.

La baba mdogo limefutika jina, zimebaki herufi mbili za mwisho. Fundi redio alisikitika kama vile nimepoteza cheti cha kuzaliwa. Mimi baadaye nilifurahi, kwa sababu lingenipeleka njia isiyo yenyewe.

"Halijaandikwa Made in Japan, kwa hiyo si la Japani"

Maneno hayo mara nyingi yalikuwa kwenye karatasi ya kubandika, na karatasi haivumilii jasho la mpigaji wa dansi. Mara nyingine yaligongwa kwenye bamba la chuma linaloshikilia shingo kwa skrubu nne. Lakini hapo pia ujihadhari, maana bamba ni skrubu nne tu. Likitoka hapa linakaa pale. Gitaa linaweza kuwa na bamba la Japani, shingo ya kwingine, na bodi iliyochongwa na fundi seremala wa mtaani. Nimeiona moja ya hivyo, na ilikuwa inalia vizuri tu.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni skrubu na volumu, kile kifaa cha ndani kinachozungushwa na kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Japani hupima kwa milimita. Mhimili wa volumu ya Kijapani kwa kawaida ni milimita 6, na wa Kimarekani ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Ndiyo maana kitufe cha Mmarekani kinapwaya juu ya volumu ya Mjapani, watu wakalaumu fundi. Nililifungua letu kwa shauku, nikakuta volumu moja ni ya redio, imeunganishwa kwa risasi ya kutosha kuzibia sufuria. Ya pili ilikuwa milimita 6, haijaguswa. Hiyo ndiyo niliyoihesabu.

"Nakala zote za Kijapani zilishtakiwa mahakamani"

Nakala ni magitaa ya Kijapani yaliyoiga ya Kimarekani. Hadithi hii wanaipenda wauzaji, kwa kuwa inapandisha bei. Ukweli ni mfupi. Mwaka 1977 Norlin, wamiliki wakati huo wa Gibson, watengeneza magitaa wa Marekani, waliishtaki Elger, tawi la Hoshino lililokuwa Pennsylvania. Hoja ilikuwa umbo la kichwa cha gitaa, tena Ibanez walikuwa wameshaanza kulibadilisha. Mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama. Fender, watengeneza magitaa wengine wa Marekani, hawakuwa katika kesi hiyo. Kwa hiyo besi iliyoigwa kutoka Fender, kama hili la kwetu, ikiitwa "gitaa la kesi", muuzaji anauza hadithi. Fender wenyewe walichagua njia nyingine: 1982 waliungana na Kanda Shokai na Yamano Gakki wakaanzisha Fender Japan, na FujiGen wakapewa kazi ya kuchonga.

Kuhusu "zito ndiyo mbao halisi": bodi nyingi za bei nafuu za enzi ile ni plaiwudi iliyofunikwa ubao mwembamba wa kupendeza. La baba mdogo ni hivyo. Ukitoa pikapu, kile kinachonasa sauti ya nyuzi, unaona tabaka kama za keki. Ni zito kama gunia, na ni plaiwudi.

"Namba zinataja mwaka, soma tu"

Zinataja kwa baadhi. Ibanez kuanzia 1975 walitumia herufi na tarakimu: A ni Januari, L ni Desemba, na tarakimu mbili za kwanza ni mwaka. C76 mwanzoni ni Machi 1976. Ukichukua kanuni hiyo ukaibandika kwenye gitaa la jina jingine, utapata tarehe nzuri sana ya uongo. Magitaa mengi ya miaka ya 1960 hayana namba kabisa, au yana namba zisizosema lolote.

Letu halikuwa na namba nyuma. Nilipotoa shingo, kwenye kisigino chake, mahali ambapo hakuna aliyepaona tangu kiwandani, palikuwa na muhuri wa wino hafifu: 47.

Kijiwe kizima kikakubaliana: 1947. Mzee mmoja akaanza hata kutuhesabia ni nani alikuwa anapiga nini mwaka ule. Lakini umbo hili ni la Precision, besi ya Fender, na Precision iliingia sokoni 1951. Nakala haiwezi kumzaa mama yake. Jibu liko kwenye kalenda ya Wajapani, wanaohesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Showa ilianza 1926, hivyo unachukua namba unajumlisha 1925. Arobaini na saba inakuwa 1972.

Hiyo inalingana na plaiwudi, na ile volumu ya milimita 6, na pia na kumbukumbu ya baba mdogo kwamba alilipata "Nyerere akiwa bado yupo Ikulu".

Nikarudisha shingo kwa skrubu zake zilezile, nikaenda Isevya kumwamkia na kumpa habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, Matsumoto, Showa, muhuri na yote.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Na ule uzi wa nne umeshanunua?"