Jiliwa moja, mikao miwili

Nahodha wa boti ya dagaa alikuja karakana kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, akiwa na kifuniko cha pampu ya maji kilichopasuka katikati. Mbalamwezi ilibakiza siku chache iishe, naye alitaka usiku wa giza wa kuvulia dagaa ukiingia awe majini. Nikakubali kumchongea kipya kwa aluminiamu.

Kifuniko kina kazi pande zote mbili, kwa hiyo mashine ya CNC, ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, inahitaji mikao miwili: unachonga upande wa juu, unageuza, unamalizia wa chini. Kwenye programu ya CAM, ile inayoandaa njia za kisu, mafundi wengi huchora kifuniko na bonge tu, yaani kipande cha aluminiamu kinachochongwa; jiliwa, kile chombo chenye taya mbili kinachobana kazi, wanaliacha kichwani. Mimi nalichora kila mara, tena kila mkao na jiliwa lake.

Bonge langu lilikuwa na unene wa milimita 40, na kifuniko kilichokamilika kina 32. Mkao wa kwanza taya zinashika milimita 5 tu za chini. Juu napunguza 2, halafu kisu kinazunguka ukingo kwa kina cha 32. Piga hesabu: 2 na 32 ni 34, na juu ya taya kuna 35. Kati ya ncha ya kisu na taya inabaki milimita moja. Milimita hiyo siwezi kuikabidhi kwa kumbukumbu. Lazima niione kwenye mchoro, na jiliwa liwe limepimwa kwa venia, kipimo cha taya cha kupimia sehemu za milimita, kutoka mezani kwangu, si mfano uliookotwa intaneti.

Mkao wa pili ndio unaowachanganya wanaoanza. Karakana tunageuza kazi, jiliwa limetulia. Kwenye mchoro ni kinyume: kifuniko kinabaki palepale, na jiliwa ndilo linalokaa kichwa chini, limening'inia juu yake. Linaonekana kituko, lakini ni sahihi. Mhimili wa Z, ule wa juu na chini, kwa mkao wa pili unaelekea chini, na ukiutazama mchoro kwa mhimili huo, jiliwa linasimama wima kama kawaida.

Hapo kuna kishawishi cha kulichukua jiliwa la mkao wa kwanza na kulihamishia upande wa pili. Nilifanya hivyo zamani. Baadaye mteja akataka ukingo ushuke kidogo, nikarudi mkao wa kwanza kubadilisha kina. Jiliwa halikuwepo tena pale, lilikuwa limehamia upande wa pili, na jaribio la kwenye skrini likapita bila alama hata moja nyekundu. Mashine ilipoanza, kisu kikaingia kwenye taya. Taya mpya ilibidi iagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka hapa Kigoma, na kazi za watu zikalala.

Tangu hapo naweka nakala mbili za jiliwa. Katika Fusion (zamani Fusion 360), programu ya CAM ninayotumia, kila mkao una sehemu ya kuiambia programu kishikizi ni kipi. Mkao wa kwanza natambulisha nakala ya kwanza, wa pili nakala ya pili, na ile isiyohusika naificha. Pia bonge la mkao wa pili naliambia lirithi kilichobaki kwenye mkao uliotangulia. Ukisahau hilo, programu itadhani bado una bonge zima la milimita 40, na taya zitaonekana zimezama ndani ya chuma ambacho kilishakatwa.

Sifuri, ile nukta ambayo mashine inaanzia kupima, nayo ihame. Mkao wa kwanza natumia sifuri yenye msimbo G54, wa pili G55, na Z ya G55 naipima juu ya vipande vya kunyanyulia, vile vinavyowekwa ndani ya jiliwa chini ya kazi, pale uso uliokamilika unapolala. Ukiipima juu ya mabaki yale ya milimita 6 (40 kutoa 34), kosa lolote la unene wa bonge linahamia kwenye kifuniko.

Vipande hivyo vya kunyanyulia navyo vichorwe. Matundu ya bolti ya kifuniko hiki yanatoboka hadi chini, na mchoro ulinionyesha keekee ikitua juu ya kipande cha kushoto. Nikakisogeza milimita 8 kabla hata sijawasha mashine.

Mwishoni nachapisha picha ya kila mkao kutoka ubavuni, jiliwa likiwemo, naibandika kwenye mlango wa mashine. Kijana ninayefanya naye kazi hukaza taya akiitazama hiyo, na zile milimita 5 huzipima mwenyewe kwanza.