Plai Kumi Si Matabaka Kumi

Mwenye motahomu kuukuu, yaani gari lililojengewa makazi ndani yake, anapofikia kubadilisha matairi, ushauri wa kwanza anaoupata, awe Texas au Ontario, ni kwamba atafute tairi la plai kumi, kwa maelezo kwamba tairi hilo lina matabaka kumi ndani yake na kwa hiyo ni nene, gumu, na halipasuki ovyo. Wenye Hiace wa Dar es Salaam na Nairobi husikia ushauri huohuo, ila kwao husemwa plai nane. Tairi linalotajwa mara nyingi ndilo linalofaa kweli, lakini maelezo yanayoambatana nalo si sahihi, na kosa hilo limerudiwa mno kiasi kwamba wauzaji wenyewe sasa hulitamka kama jambo lisilohitaji kuhakikishwa.

Plai, neno la Kiingereza lenye maana ya tabaka, kwa matumizi ya leo ni kipimo cha nguvu. Hueleza tairi limejengwa kuhimili upepo wa kiasi gani, na kwa hiyo linaweza kubeba mzigo gani likijazwa upepo huo. Katika matairi ya malori madogo, Marekani hukiandika kipimo hicho kwa herufi: C ni plai 6, D ni 8, E ni 10, F ni 12 na G ni 14. Hakuna kinachohesabiwa hapo.

Zamani kilihesabiwa. Matairi ya magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalijengwa kwa nguo ya pamba iliyopakwa mpira na kupangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za tabaka moja zikikatiza kwa mshazari zile za tabaka lililo chini yake. Uzi wa pamba una nguvu ndogo, kwa hiyo aliyetaka tairi la kubeba mzigo mkubwa hakuwa na njia nyingine ila kuongeza matabaka, na wakati huo mtu aliyesema tairi lake lina plai kumi alikuwa anasema ukweli mtupu. Tatizo la ujenzi huo lilikuwa joto. Gurudumu linapozunguka, ubavu wa tairi hujikunja na kujinyoosha bila kukoma, matabaka husuguana, na kadiri yanavyokuwa mengi ndivyo joto linavyozidi, hadi mpira unaanza kuachana na nguo. Unene ambao leo husifiwa kama kinga dhidi ya kupasuka ulikuwa, kwa matairi yale, mojawapo ya sababu za kupasuka.

Zikaja nyuzi za rayoni, kisha nailoni, kisha poliesta, kila moja ikiwezesha matabaka machache kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mengi ya pamba. Mwaka 1946 Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la radiali, ambalo nyuzi za mwili wake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mikanda ya chuma huwekwa chini ya kashata, yaani sehemu yenye mikato inayokanyaga barabara. Lilianza kuuzwa mwaka 1949. Tairi la namna hiyo halihitaji rundo la matabaka ubavuni. Lakini wateja, na hasa wenye malori, walikuwa wamezoea kununua kwa hesabu ya plai, na tairi jipya la matabaka mawili lingeonekana dhaifu mbele ya lile la zamani la matabaka manane hata kama lilikuwa na nguvu zaidi. Kipimo kikabaki, kikageuzwa kuwa kadirio: tairi hili lina nguvu sawa na la pamba lenye matabaka kadhaa. Ndiyo maana ubavuni huandikwa 10PR, na ile R husimamia neno la Kiingereza la ukadiriaji, rating. Ni kama injini ya nguvu za farasi 300, ambayo hakuna anayefungua boneti akitarajia kukuta farasi ndani.

Anayetilia shaka achuchumae kando ya gari lake akiwa na tochi na kitambaa kibichi, afute vumbi, asome. Sheria za Marekani zinamtaka mtengenezaji aandike ubavuni idadi halisi ya matabaka na kitu yalichotengenezwa nacho. Kwenye tairi la ukubwa wa LT225/75R16 (LT ni alama ya matairi ya malori madogo) lenye herufi E, ambalo ndilo linalovaliwa na motahomu nyingi zilizojengwa juu ya fremu za Ford E-350 na E-450, mstari huo mdogo kwa kawaida husema kwamba ubavu una matabaka mawili ya poliesta, na kwamba chini ya kashata yapo hayohayo mawili, mikanda miwili ya chuma, na mara nyingi nailoni kidogo juu yake. Kwenye motahomu kubwa zenye umbo la basi, zinazotumia rimu za inchi 22.5, mara nyingi utakuta tairi la herufi G, yaani plai 14, na mstari uleule ukisema kwamba ubavu una tabaka moja la chuma. Moja tu. Tairi lenyewe limeandikwa ukweli, na bado anayelifunga husema lina matabaka kumi na manne.

Huenda msomaji akaona kwamba huku ni kushika neno bure, maadamu plai kumi inabeba zaidi ya plai nane. Shida ni kwamba anayeamini matabaka huamini kwamba nguvu imo ndani ya mpira, na ukweli ni kwamba mzigo hubebwa na upepo. Chukua motahomu ya zamani ya Ford E-450. Nyingi zimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni kwamba ekseli ya nyuma isizidi pauni 9,450, yaani takribani kilo 4,286, na ekseli hiyo ina matairi manne, mawili kila upande. Tairi la LT225/75R16 la herufi E lina namba ya mzigo 115/112. Namba ya kwanza ina maana ya kilo 1,215 likiwa peke yake, na ya pili kilo 1,120 likiwa pacha na jingine, upepo ukiwa pauni 80 kwa kila inchi ya mraba, ambazo kwa upepo huitwa pauni tu. Mara nne ya 1,120 ni 4,480, kwa hiyo ekseli imebebwa na nafasi kidogo imebaki. Ukubwa huohuo kwa herufi D una namba 110/107, na hiyo ya pili ni kilo 975 kwa pauni 65. Mara nne ni 3,900. Hapo karibu kilo 390 hazina wa kuzibeba, na aliyenunua D kwa sababu ya bei hakupata nafuu yoyote.

Hadi hapa mwenye kuamini matabaka na asiyeamini wanakubaliana. Wanapoachana ni hapa: tairi la E likijazwa pauni 65 badala ya 80, hubeba kilo zilezile 975 za D. Plai mbili za ziada haziongezi hata kilo moja kwa upepo uleule, kwa kuwa kazi yake ni kuruhusu pauni 15 zaidi za upepo ziingie bila tairi kushindwa. Mtu aliyelipia plai kumi, kisha akaacha upepo ushuke kwa imani kwamba tairi nene hujibeba lenyewe, ana plai nane barabarani, na joto lilelile la ubavu unaojikunja kupita kiasi liko kazini. Hilo ndilo linaloniudhi katika maelezo ya matabaka, kwamba humpa mtu utulivu mahali anapopaswa kuwa na kipimo cha upepo mkononi.

Ruhusa hiyo ya upepo pia ni ya tairi peke yake. Vali za mpira za kawaida zina mwisho wa pauni 65, kwa hiyo anayejaza 80 anahitaji vali za chuma au za mpira zilizotengenezwa kwa upepo mkubwa, na rimu nayo ina kikomo chake. Kwenye motahomu za miaka ya 1970 na 1980 zenye rimu za inchi 16.5, jambo hili ni la uhai. Matairi ya ukubwa huo yamekuwa adimu, na wapo wanaoshawishika kupachika tairi la inchi 16 juu ya rimu ya 16.5 kwa kuwa linaonekana kuingia. Ukingo wake haukai, na linaweza kulipuka likijazwa, mbele ya uso wa fundi. Gari la namna hiyo huanza na rimu mpya, hata kama bajeti ilikuwa ya matairi tu.

Plai haisemi pia tairi ni la kazi gani. Matairi yaliyoandikwa ST mwanzoni mwa ukubwa wake ni ya trela zinazovutwa, na mengi yana plai kumi na bei ndogo. Hayakutengenezwa kwa gurudumu linaloongozwa na usukani wala linalosukumwa na injini, kwa hiyo hayafungwi kwenye motahomu. Wala haisemi umri. Motahomu hukaa imesimama miezi mingi, na tairi lake huzeeka kabla ya kashata kuisha, likapasuka likiwa bado halijawa kipara. Mwisho wa mfululizo wa herufi na tarakimu ubavuni unaoanza na DOT kuna tarakimu nne, wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halistahili mjadala. Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linapendeza machoni. Punguzo kubwa la bei kwenye tairi lililokaa ghalani miaka minne ni miaka minne uliyonyimwa.

Nafuu ya kweli ipo, na ipo mahali pa kawaida kabisa. LT225/75R16 ya herufi E huvaliwa pia na magari ya kusambaza mizigo na mabasi madogo, kwa hiyo hutengenezwa na kampuni nyingi na ushindani hushusha bei. Tairi la jina lisilovuma, lenye namba 115/112 na tarehe ya karibuni, ni ununuzi bora kuliko la jina kubwa lililozeeka. Kabla ya kwenda dukani, gari lipimwe kila ekseli kwenye mizani ya malori, likiwa na maji, mafuta na mizigo ya safari, kwa kuwa motahomu kuukuu nyingi zimeongezewa vitu ambavyo kibandiko cha mlangoni hakivijui.

Anayezoea kusema "nipe plai kumi" hana haja ya kuliacha neno hilo, kwa kuwa wauzaji wanalielewa na limekuwa lugha ya kazi. Aongeze tu kinachokosekana: plai kumi, LT, 115/112, la mwaka huu. Na muuzaji akimwambia kwamba hayo ni matabaka kumi, asibishane naye. Amwombe wausome pamoja ule mstari mdogo ubavuni.