Hospitali Hazikuuzwa: Dhana Potofu Kuhusu Ubinafsishaji wa Huduma za Afya Tanzania

Kila bajeti ya Wizara ya Afya inaposomwa Dodoma, mjadala ni uleule. Wapo wanaolalamika kwamba serikali imebinafsisha afya na kumwacha mnyonge njiani, na wapo wanaoamini kwamba hospitali zote zikikabidhiwa kwa watu binafsi huduma zitanyooka mara moja. Kila upande una hoja ya kusikilizwa, lakini pande zote mbili husimulia historia nusunusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayoeleza kwa nini mgonjwa anadaiwa fedha dirishani.

Dhana: Hospitali za umma ziliuzwa miaka ya 1990 kama viwanda

Ni kweli kwamba katika kipindi hicho mashirika mengi ya umma yaliuzwa, na kumbukumbu ya viwanda vilivyogeuka maghala bado ni chungu kwa wengi. Hospitali za serikali, hata hivyo, hazikuwamo katika mauzo hayo. Katika sekta ya afya yalitokea mambo mawili ambayo watu wameyachanganya hadi yakawa moja. Kwanza, sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara ilirekebishwa mwaka 1991, na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua zahanati na hospitali zao. Pili, mwaka 1993 ulianza utaratibu wa uchangiaji gharama ndani ya hospitali za serikali zenyewe, ukianzia ngazi za juu na kushuka chini hatua kwa hatua.

Anayekumbuka kwamba mama yake alitibiwa bila kulipa, na leo yeye anaelekezwa kwa mhasibu kabla ya kumwona daktari, ana haki ya kuona kwamba kitu fulani kimeondoka. Lakini jengo bado ni la serikali na daktari bado ni mtumishi wa umma. Kilichohama ni mzigo wa gharama, kutoka hazina kuja mfukoni mwa mgonjwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala wetu unapopotea, kwa kuwa tunabishana juu ya hati ya kiwanja wakati maumivu yapo kwenye stakabadhi.

Dhana: Kabla ya mageuzi huduma zote zilikuwa mikononi mwa serikali

Marufuku ya mwaka 1977 haikuyafunga mashirika ya dini. Hospitali za misheni ziliendelea kufanya kazi, na katika wilaya ambazo serikali haikuwa na hospitali yake, hospitali ya kanisa iliteuliwa kuwa ya wilaya, ndiyo maana hadi leo watu husema “hospitali teule”. Humo serikali huchangia mishahara na gharama za uendeshaji, nalo kanisa hubaki kuwa mmiliki.

Mfano mzuri zaidi ni Bugando, Mwanza. Hospitali hiyo, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, kisha ikarudishwa kwa maaskofu mwaka 1985, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu na Ujamaa ukiwa bado sera rasmi. Imeendelea kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa kwa ushirikiano na serikali. Wagonjwa wengi wanaopanda kilima kile hawaulizi hata siku moja hospitali ni ya nani. Wanauliza kama daktari bingwa yupo na kipimo ni shilingi ngapi. Anayedai kwamba kukabidhi hospitali kwa asiye serikali ni uzushi wa soko huria ana kazi ya kutueleza Bugando.

Dhana: Sekta binafsi ni ya matajiri, hospitali za umma ni za maskini

Aliyekaa kwenye benchi la zahanati ya kijiji anajua hali ilivyo. Mgonjwa anaandikiwa dawa, anafika dirishani, anarudishiwa karatasi yake na kuambiwa, “Hii hatuna, kanunue nje.” Nje ni duka la dawa muhimu, biashara ya mtu binafsi yenye kibali cha kuuza orodha maalumu ya dawa, utaratibu ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Kwa maskini wengi sekta binafsi ndiyo hiyo, na wameitumia miaka mingi bila kuulizwa kama wanaiafiki. Wakati huohuo, mwenye fedha zake hupata huduma ya kulipia ndani ya Muhimbili, hospitali ya taifa, ambako upo utaratibu maalumu wa wagonjwa binafsi.

Kwa sababu hiyo sishangai kumsikia mtu akisema kwamba afya si biashara, na jioni akampeleka mtoto mwenye homa kwenye hospitali ya misheni. Hajipingi. Anapinga kuachwa bila mahali pa kukimbilia, na anachagua palipo wazi usiku.

Dhana: Ushindani utashusha bei, kama ulivyoshusha gharama za simu

Hoja hii inavutia kwa sababu kila mtu ameona mitandao ya simu ikigombania wateja. Lakini mteja wa simu anajua anachonunua, na akiona ghali anahama. Mgonjwa hajui kama anahitaji kipimo kimoja au vitano. Anayemwambia ndiye anayemuuzia, na mama aliyeshikwa na uchungu hana muda wa kulinganisha bei. Isitoshe, hospitali za kibiashara hufuata wenye uwezo wa kulipa, na hao wamejikusanya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kijijini, atakayebaki kushindana ni zahanati ya serikali na misheni.

Dhana: Bima na msamaha vimekwisha kumaliza tatizo

Kwa sera, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo hawalipi katika vituo vya umma. Kwa vitendo, mjamzito bado huambiwa aje na glovu, pamba na mpira wa kutandika kitandani, naye mzee hutakiwa kuwa na barua ya mtendaji kabla ya kutambuliwa. Pale halmashauri inapoingia mkataba wa huduma na hospitali ya kanisa ili makundi hayo yatibiwe bila malipo, malalamiko ya kucheleweshewa fedha ni ya kawaida.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, umebeba watumishi wa umma kwanza. Machi 2024, kitita kipya cha bei, yaani orodha ya viwango ambavyo mfuko huo huzilipa hospitali, kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko hadi mazungumzo yalipofanyika. Tukio hilo lilionyesha kwamba hospitali binafsi nyingi huishi kwa fedha za mfuko wa umma, na kwamba mwenye kadi anaweza kufika mapokezi akaambiwa haipokelewi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kuziba pengo hilo, ikiwa na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo kutokana na vyanzo kama ushuru wa vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Swali linalostahili kuulizwa kwenye mikutano ya vijiji na mitaa ni la kiutendaji: nani ataandika majina ya wasio na uwezo, na jina likiachwa, mtu atakata rufaa wapi, kabla au baada ya kuugua?