Gari lililokuwa zima wiki iliyopita

Joto likianza kupanda, wateja wangu huja na maneno yaleyale: "Fundi, gari lilikuwa zima kabisa, limeanza kuchemsha wiki hii." Hawadanganyi. Wiki iliyopita halikuchemsha. Lakini zima halikuwa, na hesabu inayolionyesha hilo ni ya kutoa tu.

Rejeta haina ubaridi wake yenyewe. Inayapitisha maji ya injini kwenye vijibomba vyembamba, na hewa inayopenya katikati ya mapezi ndiyo inayobeba joto. Kiasi cha joto kinachobebwa hutegemea tofauti kati ya maji na hewa. Tuseme maji yana nyuzi 90 za Selsiasi. Asubuhi ya nyuzi 15, tofauti ni 75. Mchana wa nyuzi 40, tofauti ni 50. Rejeta ileile, feni ileile, mwendo uleule, na theluthi moja ya uwezo imeshaondoka. Sasa chukua rejeta ambayo tayari theluthi yake imezibwa na kutu na vumbi. Siku za baridi ilikuwa inatosha, tena mshale wa joto ulikaa katikati kama kawaida, na mwenye gari hakuwa na sababu ya kufungua boneti. Kiangazi kikifika, madeni mawili yanadaiwa siku moja.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aliandaeje gari lake kwa joto, mimi humpeleka kwenye maji kwanza, kabla ya betri na hata kabla ya kiyoyozi.

Anza kwa nje. Kwenye magari mengi, mbele ya rejeta imefungwa kondensa ya kiyoyozi, yaani rejeta inayopoza gesi yake, na uchafu mbaya zaidi hukaa katikati ya hizo mbili. Ukichungulia kutoka mbele utaona pasafi. Mulika tochi kwa upande wa injini: mwanga usipopenya, umepata jibu. Niliwahi kuchomoa hapo katikati mfuko wa plastiki ulionyooka kama pazia, kwenye gari ambalo lilikuwa limeshabadilishiwa pampu ya maji na themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta yakipata joto) bila kupona. Osha kwa maji yenye nguvu ndogo, ukisukuma uchafu kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia uliyoingilia. Mashine za kuoshea zenye presha kali hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Kisha ndani, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta utazame. Maji yenye rangi ya kutu yanasema kwamba gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba kwa muda mrefu. Yakiwa na utando wa mafuta, au oili ikiwa na rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, simama hapo hapo. Huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili kichwani mwa injini, imeachia, na hayo si maandalizi tena bali ni matengenezo.

Watu wengi hudhani kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya nchi zenye barafu, kuzuia maji yasigande. Kazi yake ya pili ndiyo inayotuhusu: ina kemikali za kuzuia kutu kwenye alumini, chuma na shaba, na kemikali hizo huisha. Zile za mtindo wa zamani hudumu miaka miwili hivi, za kisasa huweza kufika mitano. Usichague kwa rangi. Kijani, nyekundu, bluu ni uamuzi wa mtengenezaji, na rangi moja inaweza kuwa aina mbili zisizopatana. Fuata kitabu cha gari. Na usijaze kulanti tupu ukidhani kizito ndicho bora, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Nusu kwa nusu, tena kwa maji yaliyochujwa chumvi, inatosha.

Sasa kifuniko. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni kidogo, hubadilishwa kwa dakika moja, na hakuna anayekishuku. Watu hukiona kama kizibo cha chupa. Ukweli ni kwamba ni vali mbili zilizofichwa. Ile ya kwanza ina springi inayoshikilia presha ndani ya mfumo. Vifuniko vingi vimeandikwa kichwani 0.9 au 1.1, yaani presha ambayo springi itaachia. Maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa presha hiyo, huchemka karibu na nyuzi 120, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti hupanda zaidi ya hapo. Springi ikichoka, au raba yake ikikauka na kupasuka, zile nyuzi ishirini zote unazipoteza. Injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 100 na kitu, jambo la kawaida kwa magari ya sasa, itaanza kuchemsha ilhali rejeta, pampu na feni vyote ni vizima.

Vali ya pili hufanya kazi injini ikipoa. Maji yanasinyaa, vali inafunguka, na maji yaliyokuwa yamesukumwa kwenye tangi la akiba yanavutwa kurudi. Ikikwama, utaukuta mpira wa juu wa rejeta umenywea asubuhi kama umefyonzwa. Ukiona hivyo, usilaumu mpira.

Mkono wangu wa kushoto una kovu nililolipata nikiwa bado najifunza kazi, kwa kukifungua kifuniko hiki gari likiwa la moto. Maji yaliyokuwa yametulia chini ya presha hugeuka mvuke mara tu presha inapotoka. Hakuna kitambaa kizito cha kutosha kwa hilo.

Niseme na juu ya themostati, maana hapa mafundi wenzangu wengine huniudhi. Gari linachemsha, fundi anaing'oa themostati, anamwambia mteja kwamba "nchi ya joto haihitaji hiki." Themostati hufunguka kati ya nyuzi 82 na 95 hivi, kutegemea injini. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na hulika upesi. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati inapofunguka upande wa rejeta huziba njia ya mkato ambayo maji hutumia kuzunguka ndani ya injini. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta. Umeondoa kifaa ili gari lipoe, na umelizidishia joto.

Kama gari limeshaanza kupandisha mshale, nauliza swali moja kabla ya kugusa spana: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni na kutulia ukikimbia, hewa ndiyo inayokosekana, na mshukiwa ni feni. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Kwa magari mengi yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuanza kuzunguka. Isipozunguka, tazama fyuzi, rilei, waya, kisha mota. Likiwa tulivu kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani, maji hayapiti ya kutosha: rejeta imeziba ndani, pampu imelika visu vyake, au mpira wa chini unajifinya. Likichemsha kila mahali, tena linapunguza maji bila kuonyesha yanakovuja, narudi kwenye wasiwasi wa gasketi.

Mipira bonyeza ikiwa baridi, hasa karibu na klipu, maana huoza kuanzia ndani. Ikiwa laini kama kitumbua au ngumu na yenye mipasuko, badilisha. Mkanda wa pampu, hivyo hivyo.

Kiyoyozi nitakisemea kifupi. Gesi yake haitumiki kama petroli. Mfumo ukiwa na gesi pungufu, ina mahali inapovujia, na kujaza tu kila mwaka ni kulipia kuvuja. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo kompresa inayoendeshwa na gesi kidogo hukauka na kukwama. Kabla ya yote hayo, badilisha chujio la hewa ya ndani. Nusu ya malalamiko ya "AC haipulizi" ninayoyapokea huishia kwenye chujio lililojaa manyoya na majani.

Betri nayo hueleweka visivyo. Kwa kuwa gari hugoma kuwaka asubuhi za baridi, watu huamini baridi ndiyo iliyoiua. Aghalabu betri huuawa na kiangazi, ikaja kuzikwa msimu wa baridi. Joto huharakisha kutu kwenye sahani za ndani na kukausha maji; kanuni tunayoitumia ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Gari likiwa limepumzika usiku kucha, pima: volti 12.6 ni betri iliyojaa, chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa. Injini ikinguruma, utarajie kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, altaneta inayoichaji betri inaichemsha, na wakati wa joto huo ni uuaji. Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri tu, sahani zifunikwe. Na lile koti la plastiki au kitambaa linaloizunguka betri kwenye baadhi ya magari si pambo: linaikinga na joto la injini. Nimeyakuta mengi yametupwa kwa sababu "yanasumbua."

Matairi. Upepo ndani ya tairi huongezeka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 na nusu za joto, na watu wakisikia hivyo hupunguza upepo ili tairi "lisipasuke." Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozalisha joto linaloachanisha nyuzi zake za ndani. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, jaza kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Ukilipima likiwa la moto na kukuta limezidi, liache. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la akiba lina umri pia, na ndilo linalosahaulika.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata yakikaa tu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu wa mchana wa joto, mapovu ya mvuke huingia kwenye mipira, na pedali huzama. Yabadilishe kila miaka miwili.

Jambo moja halihusu spana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu. Mtoto habaki garini, hata "dakika mbili."

Na mshale ukipanda ukiwa safarini licha ya yote haya: zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho na fungua vioo. Utaloa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale usiposhuka upesi, egesha mahali salama na zima injini. Fungua boneti ikiwa tu huoni mvuke. Subiri nusu saa au zaidi, ubonyeze mpira wa juu kwa kitambaa: ukiwa bado mgumu, presha ipo. Ukilegea, zungusha kifuniko hadi kituo cha kwanza, sikiliza, ngoja kinyamaze, ndipo ukitoe. Ongeza maji kidogo kidogo, injini ikiwa imewashwa na inazunguka taratibu. Maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye injini ya moto huweza kupasua silinda hedi.