Kinyota cha Roger Maris hakijawahi kuwapo

Wapenzi wengi wa besiboli wanaamini kwamba homurani 61 (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kufunga) za Roger Maris, mlinzi wa nje upande wa kulia wa New York Yankees, ziliandikwa katika kitabu cha rekodi na kinyota (alama ya *) cha kuzishusha hadhi. Si kweli.

Babe Ruth, mwenye rekodi ya awali, alipiga 60 mwaka 1927, msimu wa mechi 154. Mwaka 1961 mechi zilikuwa 162. Kamishna wa besiboli, Ford Frick, akatangaza kwamba atakayempita Ruth baada ya mechi ya 154 ataorodheshwa kando. Kinyota kilitajwa na mwandishi wa habari. Vitabuni kulikuwa na mistari miwili tu, kila mmoja na idadi yake ya mechi.

Lakini maumivu yalikuwa ya kweli. Msimu ule nywele za Maris zilinyonyoka kwa msongo. Oktoba 1, alipopiga ya 61, wenzake walilazimika kumsukuma atoke tena kuwapungia watazamaji kofia.

Baadaye aliumia mkono, nguvu zikapungua, akahamishiwa timu ya St. Louis Cardinals, na huko akatwaa ubingwa wa 1967. Utengano wa rekodi ulifutwa 1991, naye alishafariki 1985. Hilo linaniuma hadi leo.