Chipu, programu na kisanduku: vitu vitatu, jina moja

Mwenye pikapu ya dizeli analalamika kwamba klachi inateleza akipanda mlima na mzigo. Ukimuuliza amebadilisha nini kwenye gari, anajibu, "Hakuna kitu, niliweka chipu tu." Unafungua kompyuta ya injini, chipu huioni. Baada ya kupekuapekua unakuta nyuma ya betri kisanduku cheusi cha ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa utepe, nyaya zake zimeingia kati ya sensa ya presha ya mafuta, yaani kifaa kinachoipima, na soketi yake. Mtu huyu hana chipu. Neno hili nimelisikia likitumika hivi mara nyingi mno, na kila mara ni fundi anayefuata ndiye anayepoteza muda.

Kwa kifupi, kuweka chipu ni kubadilisha maagizo ambayo kompyuta ya injini huyafuata: mafuta yaingie kiasi gani na wakati gani, turbo isukume hewa kwa presha ipi, na kwa injini za petroli, plagi zipige cheche lini. Lengo ni kupata nguvu zaidi ya ile aliyoipanga mtengenezaji.

Jina lenyewe lilikuwa sahihi lilipoanza. Neno la Kiingereza lililotupa "chipu" lina maana ya kibanzi, kile kipande kinachoruka shoka linapopiga gogo. Chipsi za viazi nazo zimetoka humo humo. Mafundi wa elektroniki walilichukua kwa sababu sahani moja nyembamba ya silikoni hukatwa ikatoa vipande vidogo vingi, na kila kipande ni saketi kamili.

Mwaka 1971 Dov Frohman, akiwa kampuni ya Intel inayotengeneza chipu, alibuni aina ya chipu ya kumbukumbu ambayo maandishi yake hubaki hata umeme ukikatika, lakini yanaweza kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno na kuandikwa upya. Magari ya miaka ya 1980 yalipoanza kutumia kompyuta kwa wingi, maagizo ya injini yalikaa kwenye chipu za namna hiyo. Ukiwahi kuishika moja utaitambua: ina mwili wa rangi ya udongo au wa kijivu, miguu ya chuma imejipanga pande mbili kama ya jongoo, na juu katikati kuna kidirisha cha kioo ambacho ndani yake unaiona silikoni yenyewe iking'aa. Kidirisha hicho hubandikwa stika ili mwanga usije ukafuta kilichomo. Aliyetaka nguvu alitoa kompyuta kwenye gari, akachomoa chipu ya kiwandani, akapachika nyingine yenye maagizo tofauti. Huyo aliweka chipu kweli, na kama angetaka kurudi alikotoka, alikuwa na ile ya zamani mkononi.

Kisha mambo yakabadilika. Kumbukumbu za kompyuta za magari zikawa za aina inayofutwa na kuandikwa kwa umeme, bila kuchomolewa. Marekani ikalazimisha soketi ya upimaji ya aina moja, OBD-II, kwenye magari madogo na pikapu nyepesi kuanzia zile za mwaka 1996. Leo fundi huchomeka waya chini ya usukani, akasoma programu iliyomo, akaihariri na kuirudisha. Hakuna kipande chochote kilichoingia kwenye gari. Watu wakaendelea kusema "chipu", na hapo sina ugomvi sana, kwa sababu kazi ni ile ile: maagizo yamebadilika na kompyuta inayajua.

Ugomvi wangu ni kwenye kisanduku. Kisanduku hakibadilishi agizo hata moja. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta. Kwenye dizeli za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hupokea mafuta kutoka bomba moja lenye presha kubwa, kuna sensa inayoiambia kompyuta presha ya mafuta kwa volti kati ya 0 na 5. Kisanduku hukaa katikati ya mazungumzo hayo na kupunguza namba. Tuseme presha halisi ni bar 1,500, chenyewe kinaripoti 1,400. Kompyuta inaona presha imepungua, inaiongeza, na nozeli zinamwaga mafuta mengi kuliko kompyuta inavyodhani. Nguvu inaongezeka kweli, siwezi kuikana. Lakini sasa chukua mashine ya kupimia, uichomeke, usome presha. Itakuonyesha ule ule uongo. Hata kinga za injini zinapiga hesabu kwa namba isiyo ya kweli. Moshi mweusi ukitoka, pistoni ikipata joto kupita kiasi, klachi ikishindwa kubeba msukumo mpya, taarifa zilizo kwenye skrini zitasema mambo ni shwari.

Kuna na vingine vinavyouzwa kwa jina hilo hilo: rezista ya senti chache, kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, inayounganishwa kwenye sensa ya joto la hewa ili kompyuta iamini hewa ni baridi, na vidubwasha vya kuchomeka kwenye soketi ya upimaji ambavyo vingine ukivifungua unakuta taa za kumetameta tu. Hivyo havistahili nafasi zaidi.

Pia nguvu haitoki kwenye chipu, wala kwenye programu. Inatoka kwenye hewa na mafuta. Dizeli yenye turbo hujibu vizuri kwa sababu turbo inaweza kuambiwa isukume hewa zaidi. Petroli isiyo na turbo inavuta hewa ile ile iliyokuwa ikivuta jana, kwa hiyo haina pa kupata nyingi.

Kwa hiyo, ndugu mwenye pikapu, ukirudi kwa fundi usiseme umeweka chipu. Sema, "Kuna kisanduku kwenye sensa ya presha ya mafuta, kiko nyuma ya betri." Atakichomoa kwanza, atarudisha soketi mahali pake, ndipo aanze kupima.