Kabla ya Kulalamikia Ankara ya Wakili, Fahamu Ilivyoandaliwa

Malalamiko kuhusu ada za mawakili yanazidi kutufikia, na mengi hayahusu wizi hata kidogo. Mteja amepokea ankara, ameona majina asiyoyajua na saa asizokumbuka kuzikubali, akaamini ameibiwa.

Mfumo uliozoeleka wa kampuni za mawakili ni wa ubia. Wabia ndio wenye kampuni: wanaleta wateja na kugawana faida. Chini yao wapo mawakili walioajiriwa kwa mshahara, ambao ndio hufanya sehemu kubwa ya utafiti na kuandaa nyaraka. Saa ya mwajiriwa hutozwa zaidi ya anacholipwa, na katika tofauti hiyo ndimo inamotoka sehemu ya faida ya wabia. Kwa hiyo yule mkubwa uliyezungumza naye siku ya kwanza huenda akaishia kusaini barua tu. Huo si udanganyifu, kwani kazi uliipa kampuni. Ukitaka asimame mahakamani yeye mwenyewe, liandikwe kwenye mkataba wa ada.

Saa hizo kwa kawaida hugawanywa katika vipande vya dakika 6, yaani 0.1 ya saa, na hata kipande kisichojaa hutozwa kizima. Ukiona kwenye ankara "Simu ya mteja, 0.1", hiyo ni simu yako ya dakika mbili kuuliza kesi imefikia wapi. Ukipiga mara tatu, umelipia dakika 18. Na tumelieleza hili mara nyingi: ada ya saa inalipia kazi iliyofanyika, hailipii ushindi.

Mfumo huu wa kutoza kwa saa una kasoro, tusifiche. Anayekawia hulipwa zaidi ya anayemaliza upesi, na kazi ikirefuka anayeumia ni mteja. Kwa kazi zinazotabirika, kama kuandika wosia, omba ada moja isiyobadilika.

Fedha za amana, yaani fedha za mteja ambazo wakili anamshikia, ni jambo jingine, na hapo hakuna mzaha. Zinapaswa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na fedha za kampuni. Wakili anayezitumia kwa mambo yake anaweza kuamriwa kuzirejesha, kusimamishwa kazi au kufutwa kwenye orodha ya mawakili, na mashtaka ya jinai yanaweza kufuata.

Kama ankara ina utata, anza kwa kuiandikia kampuni ikupe mchanganuo: nani alifanya nini, lini, kwa muda gani. Msiporidhiana, omba ukadiriaji wa gharama, yaani ankara ipitiwe na afisa wa mahakama aamue kiasi kinachostahili. Huko ndiko ada hupunguzwa. Chombo cha nidhamu hushughulikia mwenendo wa wakili, na kukiletea ugomvi wa bei ni kupoteza muda wako. Ambatanisha mkataba, ankara, risiti na barua zote mlizoandikiana, na usikawie, kwa sababu muda wa kuipinga ankara mara nyingi una ukomo kisheria.